Shajara ya mradi: kuichimba Paisley Underground, kuanzia safu ya pili

Februari

Mradi huu una lengo moja: kuandaa mwongozo wa kusikiliza, kwa Kiswahili, wa bendi za roki za California zilizofufua saikedelia (ule muziki wa miaka ya 1960 wenye sauti za ndoto na kizunguzungu) mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kundi hilo la bendi linajulikana kwa jina la Paisley Underground. Bangles nitawagusa kidogo tu. Nyimbo zao "Manic Monday" na "Walk Like an Egyptian" zimepigwa redioni kiasi kwamba hata asiyejua jina la bendi anaweza kuitikia kiitikio. Ninaowatafuta ni wale wa safu ya pili na ya tatu, ambao lebo zao, yaani kampuni zilizowatolea santuri, zilikufa, wapigaji wakatawanyika, na santuri zikabaki kwa watu wachache waliozinunua wakati ule.

Kwa anayeanza kabisa: jina lilitoka kinywani mwa Michael Quercio, mwimbaji na mpiga besi wa Three O'Clock, alipokuwa akihojiwa mwaka 1982. Paisley ni ule urembo wa korosho tunaouona kwenye kanga, na vijana hawa waliuvaa kwenye mashati ya mitumba ya miaka ya 1960. Wengi wao walikuwa wamepitia panki, roki ya haraka isiyo na madoido. Panki iliwaonyesha kwamba mtu anaweza kuanzisha bendi leo na kupanda jukwaani wiki ijayo. Muziki wenyewe waliuokota kwenye maduka ya santuri zilizotumika: bendi kama Byrds, Love, Velvet Underground, Buffalo Springfield, Pink Floyd ya enzi za Syd Barrett. Steve Wynn, kiongozi wa Dream Syndicate, alikuwa mfanyakazi wa duka la santuri la Rhino jijini Los Angeles. Na nyuma yao wote ilikuwepo Nuggets, mkusanyiko wa santuri mbili ulioandaliwa na Lenny Kaye mwaka 1972, uliookoa vibao vya bendi za vijana wa miaka ya 60 vilivyokuwa vimekwisha kusahaulika. Kwa hiyo hili ni kundi la waliosahauliwa lililozaliwa kutokana na waliosahauliwa wengine, na sasa ni zamu yao kuokotwa.

Nimefungua lahajedwali. Safu zake: mji, mwaka, lebo, nani alipiga nini, na kama albamu imetolewa upya. Ile ya "nani alipiga nini" ndiyo naitegemea kuliko zote. Msikilizaji wa dansi hawezi kuielewa bendi ya OSS bila kujua kwamba Gurumo alikuja kutoka Sikinde. Na huku pia njia ya kufikia bendi usiyoijua ni kumfuata mpigaji unayemjua anapohama.

Mpaka nimeuweka mapema ili kazi isinimeze. Los Angeles kipindi hicho ilikuwa pia na bendi nyingi za gereji, nyingi zikitolewa na lebo ya Voxx ya Greg Shaw, kama vile Pandoras wa Paula Pierce. Nazipenda, ila zile zilitaka kuirudisha 1966 kama ilivyokuwa. Hizi zangu ziliichukua 1966 zikaenda nayo kwingine. Voxx itasubiri mradi wake.

Machi

Ramani ya kwanza imekamilika. Zinazotajwa siku zote kuwa kiini ni bendi nne: Bangles, Three O'Clock, Rain Parade na Dream Syndicate. Nilizipanga juu ya karatasi, nikaanza kuchora mistari ya wapigaji. Haikuchukua muda nikaona mistari inapita mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo si Susanna Hoffs wa Bangles wala Steve Wynn. Ni Kendra Smith, mpiga besi.

Mfuate. Mwaka 1979 yuko Davis, mji wa chuo kikuu karibu na Sacramento, kwenye bendi iitwayo Suspects. Wenzake humo ni Steve Wynn, Russ Tolman na Gavin Blair. Bendi hiyo iliacha santuri ndogo moja, ikafa. Lakini waliotoka humo wakazaa matawi mawili: Wynn na Smith wakaenda kuunda Dream Syndicate jijini Los Angeles, Tolman na Blair wakabaki Davis wakaunda True West. Kutoka Dream Syndicate, Smith akaenda kufanya kazi na David Roback, aliyekuwa ameondoka Rain Parade. Kutoka hapo ikazaliwa Opal, na Opal ilipompoteza Smith ndipo ikawa Mazzy Star, bendi ambayo vijana wengi leo wanaijua kwa wimbo mmoja wa 1993, "Fade Into You". Ukianza na Mazzy Star ukarudi nyuma kwa kushika mkono wa mtu hadi mtu, unafika Davis 1979 bila kuruka hatua.

Nimempa Kendra Smith katikati ya ukurasa na nimezihamisha bendi nne pembeni. Ramani imetulia.

Kwa kusikiliza, kituo cha kwanza chake ni *The Days of Wine and Roses*, albamu ya kwanza ya Dream Syndicate, iliyorekodiwa Septemba 1982 kwa usiku tatu, kuanzia saa sita ya usiku hadi asubuhi, ikatoka kwenye lebo ya Ruby. Hii inajulikana kwa wapenzi wa roki, kwa hiyo sitaieleza sana, ila nataka watu wasikilize wimbo wa "Too Little, Too Late". Huo ndio pekee anaouimba Smith. Kwa muda wa albamu nzima Karl Precoda amekuwa akilichokoza gitaa lake hadi amplifaya inapiga mayowe, na Wynn anaimba kama mtu anayegombana na jirani. Kisha anaingia yeye, taratibu, bila kusukuma sauti hata kidogo, na chumba kizima kinabadilika. Yote atakayoyafanya miaka mitano inayofuata yamo ndani ya wimbo ule.

Kituo cha pili ni *Rainy Day*, 1984, na hii ndiyo ningempa mtu asiyejua lolote. David Roback aliwakusanya marafiki zake kutoka bendi zote nne waimbe nyimbo za watu wengine waliowapenda. Susanna Hoffs anaimba "I'll Keep It with Mine" ya Bob Dylan na "I'll Be Your Mirror" ya Velvet Underground. Quercio anaimba "Sloop John B". Smith anaichukua "Holocaust" ya Big Star. Hakuna anayejionyesha. Unasikia watu waliokaa chumba kimoja wakizipiga nyimbo walizozisikiliza pamoja kwa muda mrefu. Kumsikia Hoffs hapa, kabla ya umaarufu wa dunia, ni sababu tosha ya kuitafuta.

Aprili

Mwezi huu nimeshinda na Rain Parade, na nimefika mahali ambapo lazima niseme wazi: santuri fupi yao ya 1984, *Explosions in the Glass Palace*, ndiyo kazi bora kuliko zote zilizotoka kwenye kundi hili. Naiweka juu ya *The Days of Wine and Roses*. Najua wengi watapinga.

Albamu yao ya kwanza, *Emergency Third Rail Power Trip* ya 1983, ndiyo inayosifiwa zaidi kwa sababu David Roback alikuwa bado yumo, akipiga na mdogo wake... niseme tu akipiga na nduguye Steven, pamoja na Matt Piucci, Will Glenn na Eddie Kalwa. Ni albamu nzuri sana. Gitaa la nyuzi kumi na mbili linamiminika, sauti za kuimba zimewekwa nyuma kidogo, na "What She's Done to Your Mind" ni wimbo ambao ungeweza kutoka 1967 bila mtu kuushuku. David akaondoka. Kwa kawaida bendi ikimpoteza mtu wa aina hiyo hutoa kitu dhaifu kisha hufifia. Hawa walitoa nyimbo tano tu, na hakuna hata mmoja wa kuruka.

Nimekaa na "No Easy Way Down", wimbo wa mwisho, kwa spika na kwa vipokea sauti vya masikioni. Unaanza na gitaa linalojizungusha kwenye noti chache, lenye ladha ya mashariki, juu ya besi isiyotaka kuondoka ilipo. Ngoma zinaingia bila haraka. Kisha gitaa la pili linajipenyeza chini ya la kwanza, na kwa muda huwezi kujua lipi linaongoza. Wimbo unapanda, lakini unapanda kwa uzito. Hauongezi kasi. Maneno ni machache, na baada ya kuimbwa wanayaacha na kuyaachia magitaa yaseme yaliyobaki. Bendi nyingi za uamsho wa saikedelia ziliichukulia saikedelia kama mavazi: rangi, sitari hapa na pale, kinanda cha zamani. Rain Parade waliielewa kama namna ya kuuchelewesha wakati ndani ya wimbo, na hapa ndipo walipoifikisha.

Will Glenn anahitaji aya yake. Alipiga kinanda, fidla na sitari, na mara nyingi ndiye anayeleta ile rangi unayoikumbuka wimbo ukishaisha bila kujua imetoka kwa nani. Alifariki mwaka 2001. Kwenye mwongozo nitaweka jina lake mbele ya kila wimbo ninaomsikia, kwa sababu wapiga vyombo wa aina yake ndio wanaopotea kwanza kwenye simulizi za bendi.

Mei

Davis. Hapa ndipo mradi umeota nyama.

Watu wanasema "Los Angeles" wakizungumzia Paisley Underground, na kweli maonyesho mengi yalikuwa huko. Ila mji huu mdogo wa chuo, wenye kituo cha redio cha wanafunzi cha KDVS, ulitoa bendi tatu ambazo kila moja ingestahili shajara yake.

True West kwanza. Walianza kwa kurekodi "Lucifer Sam" ya Pink Floyd, wakaiweka kwenye *Hollywood Holiday* ya 1983. Mwaka uliofuata ikaja *Drifters*. Tom Verlaine wa bendi ya Television aliwahi kuingia nao studio, na ukisikiliza magitaa mawili ya Tolman na Richard McGrath unaelewa kilichomvutia: hayapigi rithimu na solo kwa kugawana kazi, yanabishana. "And Then the Rain" na "Look Around" zinaingia kwenye orodha bila mjadala. Tolman aliondoka baada ya *Drifters*, na waliobaki walitoa albamu nyingine 1986, lakini ule ubishi wa magitaa haukuwepo tena. Anayetaka kuanza na True West aanze na hizo mbili za mwanzo na aishie hapo.

Game Theory ya Scott Miller ni jambo jingine kabisa. Miller alikuwa na kichwa cha mtu anayeandika nyimbo tatu ndani ya moja. Sauti nyembamba ya juu, vinanda, mistari ya maneno iliyojaa mafumbo, na viitikio ambavyo havikuachi. Albamu yao ya kwanza, *Blaze of Glory* ya 1982, waliitoa wenyewe, na hawakuwa na fedha za kuchapisha majalada. Basi santuri ikaingizwa kwenye mfuko mweupe wa plastiki wa kuwekea takataka, na jalada lililotolewa fotokopi likabandikwa juu. Nimeona picha za kopi zilizosalia: plastiki imekunjamana, karatasi imepauka pembeni, na ndani yake mna nyimbo zilizopangiliwa kwa uangalifu wa fundi saa. Waliamua muziki usisubiri fedha.

Mstari wa kuiunganisha Game Theory na Los Angeles upo pia: santuri yao fupi ya 1984, *Distortion*, ilisimamiwa studio na Michael Quercio, yuleyule aliyelipa kundi jina. Kuanzia *Real Nighttime* ya 1985 msimamizi akawa Mitch Easter, ambaye alikuwa ametoka kufanya kazi na R.E.M. Kilele ni *Lolita Nation*, 1987, santuri mbili, nyimbo 27, nyingine sekunde chache tu za vipande vya kanda vilivyokatwa na kuunganishwa. Kwa miaka mingi albamu hii ilikuwa haipatikani, kopi za CD zikauzwa kwa bei za kuumiza, hadi lebo ya Omnivore ilipoirudisha 2016. Miller alikuwa amefariki Aprili 2013. Hakuiona ikirudi dukani, na hilo linaniuma kila ninapoifungua.

Ya tatu ni Thin White Rope. Wengine huwatenga kwa kuwa walichelewa, albamu ya kwanza *Exploring the Axis* ikiwa ya 1985, na kwa kuwa muziki wao ni mkavu, wa jangwa, usio na maua ya 1967. Nimewaingiza. Guy Kyser anaimba kwa sauti inayotetemeka kana kwamba ina vumbi kooni, na magitaa yake na Roger Kunkel yanavuma badala ya kulia. *Moonhead* ya 1987 na *In the Spanish Cave* ya 1988 ndizo za kuanzia. Baadaye waliipiga "Yoo Doo Right" ya Can, Wajerumani, na inakaa kwao kama wimbo wao wenyewe. Onyesho lao la mwisho lilikuwa Ghent, Ubelgiji, katikati ya 1992, likatolewa kama albamu kwa jina la *The One That Got Away*. Bendi ya Davis kuagana na watu Ubelgiji si ajabu: Ulaya iliwasikiliza vizuri kuliko nyumbani. Lebo za Ufaransa kama New Rose na Lolita ndizo zilizokuwa zikiwatolea santuri hawa wakati Marekani ilikuwa inawatazama Bangles tu.

Juni

Mwezi wa mambo ya harakaharaka, nikiziba mapengo ya upande wa kantri.

Green on Red walitoka Tucson, Arizona, wakahamia Los Angeles. Santuri yao fupi ya 1982 ilitoka kwenye Down There, lebo ndogo ya Steve Wynn. *Gravity Talks* ya 1983 ndiyo ya kundi hili, kwa sababu ya kinanda cha Chris Cacavas kinachozunguka kila mahali. Kuanzia *Gas Food Lodging* ya 1985, Chuck Prophet akiwa ameingia na gitaa, wanakuwa bendi nyingine, nzuri pia, lakini si ya mradi huu.

Long Ryders: *Native Sons*, 1984, lebo ya Frontier. Gene Clark wa Byrds anaimba nao "Ivory Tower", na kwa wapenzi wa Byrds hiyo peke yake inatosha. Frontier yenyewe ilikuwa ya Lisa Fancher, aliyeianzisha 1980 kwa bendi za panki ngumu kama Circle Jerks, na ndiye aliyewatoa pia Three O'Clock na Thin White Rope. Sikio lake limebeba nusu ya orodha yangu.

*The Lost Weekend* ya Danny & Dusty, 1985: Dan Stuart wa Green on Red na Steve Wynn, wakisindikizwa na watu wa Long Ryders, Dream Syndicate na Green on Red, kwa wikiendi moja na bia nyingi. Sikiliza mara moja na marafiki.

Halafu nikaifikia 28th Day, na haraka ikaisha.

Hawa ni watatu kutoka Chico, mji mwingine wa chuo, kaskazini zaidi ya Davis. Barbara Manning akiimba na kupiga besi, Cole Marquis gitaa na sauti, Mike Cloward ngoma. Santuri moja, 1985, jina lake ni jina la bendi, na msimamizi wake studio ni Russ Tolman, yuleyule wa Suspects na True West. Nilifika kwake kwa kulifuata jina la Tolman tu kwenye lahajedwali. Nisingepita njia nyingine yoyote.

"Pages Turn" ndio wimbo ambao nimewatumia watu wote ninaowajua wanaopenda muziki. Gitaa linang'aa, haligusi pedali, linapiga arpejio, noti za kodi zikipigwa moja moja, zinazokwenda mbele bila kukata. Manning anaimba kwa sauti ya mtu anayeongea na nafsi yake, haibembelezi, haimtafuti msikilizaji. Wala hakuna solo ya kujionyesha. Kisha sikiliza "25 Pills" uone walivyoweza kugeuka wakawa wazito. Walikuwa vijana wa mji mdogo, wakipiga kana kwamba hakuna atakayesikia, na karibu iwe hivyo kweli. Manning aliendelea peke yake akawa mmoja wa waandishi wa nyimbo bora wa California, na *Lately I Keep Scissors* ni ushahidi. Ila safu ile ya 28th Day haikudumu.

Julai

Nimetumia mwezi kujibu swali moja: kwa nini zilipotea? Maelezo ya kawaida ni kwamba mitindo ilibadilika. Nimepanga albamu kwa lebo badala ya miaka, na picha iliyotoka ni ya mikataba.

Tazama Dream Syndicate. Albamu ya kwanza, usiku tatu. Ya pili, *Medicine Show* ya 1984, kwa kampuni kubwa ya A&M na Sandy Pearlman kama msimamizi: miezi mitano studio. Kendra Smith alikuwa amekwisha kuondoka. Waliokuwa wakiipenda ile ya kwanza waliona hii imeng'arishwa mno, kampuni ikaona haiuziki, Precoda naye akaondoka. Na bado ni albamu kubwa. "John Coltrane Stereo Blues", karibu dakika tisa, ni gitaa na ghadhabu ya aina ambayo hakuna mwingine aliyeifikia mwaka ule. Imelaumiwa kwa miaka kwa kosa la kuja baada ya mkubwa wake anayependwa.

Rain Parade walichukuliwa na lebo ya Island. *Crashing Dream* ya 1985 ikatoka, nzuri lakini yenye woga, na baada ya hapo kimya. Three O'Clock walipitia lebo ya I.R.S. kisha Paisley Park, lebo ya Prince, aliyewapenda. *Vermillion* ya 1988 ina wimbo alioandika yeye kwa jina la Joey Coco. Albamu haikwenda mbali na bendi ikavunjika. Prince huyohuyo ndiye aliyewapa Bangles "Manic Monday" kwa jina la Christopher, ikafika namba mbili Marekani mwaka 1986, na iliyoizuia kufika namba moja ni "Kiss" ya Prince mwenyewe.

Kisha lebo ya Enigma. Hii ndiyo iliyowabeba Rain Parade mwanzoni, Green on Red kwa kipindi, Game Theory miaka yao mikubwa. Ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, albamu hizo zilikosa mwenyewe wa kuzichapa. Duka likiishiwa kopi hakuna wa kuletewa oda. CD zilikuwa zinachukua nafasi ya santuri wakati uleule, na albamu ambayo haikuvuka kuingia kwenye CD ilikuwa kama haikuwahi kutoka. Hakuna aliyezikataa hizi kazi kwa kuzisikiliza. Hazikuwepo tu pa kusikilizwa.

Kwa sababu hiyo mwongozo utakuwa na safu ya lebo mbele kabisa, kabla ya sifa zozote. Anayetafuta *Explosions in the Glass Palace* anahitaji kujua nani ameirudisha na kwa umbo gani kuliko anavyohitaji maoni yangu.

Agosti

Nimemaliza upande wa Kendra Smith na David Roback, na nimeuandika polepole kwa makusudi.

Walianza pamoja kwa jina la Clay Allison, na Keith Mitchell kwenye ngoma. *Fell from the Sun* ya 1984 ndiyo mwanzo. Baadaye ikaja *Northern Line* ya 1985 kwa jina la Opal, na mwaka 1987 *Happy Nightmare Baby* kwenye SST, lebo ambayo watu waliijua kwa bendi ya panki ya Black Flag. Albamu hiyo ni nzito na ya mwendo wa kujivuta, gitaa la Roback likiwa na mng'ao wa bendi ya T. Rex iliyolala. Nyimbo zao za awali, zilizokusanywa 1989 kwenye *Early Recordings*, ni tulivu zaidi, na mimi huko ndiko ninakorudi. "Fell from the Sun" yenyewe ina vitu vichache sana: gitaa, besi, kinanda kwa mbali, na Smith akiimba kwa sauti ileile ya "Too Little, Too Late", sasa ikiwa imepata nyumba yake.

Katikati ya ziara ya 1987 Smith aliacha bendi. Hope Sandoval akachukua nafasi, na Opal ikaja kuwa Mazzy Star, *She Hangs Brightly* ikitoka 1990. Smith alihamia misitu ya kaskazini mwa California, mbali na mji. Mwaka 1995 alitoa *Five Ways of Disappearing* kwenye lebo ya 4AD, ambayo ina kinanda cha kukanyaga cha kanisani kikiongoza nyimbo mahali ambapo wengine wangeweka gitaa. Ningeiweka kwenye orodha hata kama asingepiga noti nyingine maishani. Roback alifariki Februari 2020.

*Happy Nightmare Baby* na *Early Recordings* zimenipa taabu kuzipata kuliko albamu nyingine zote. Nilizonazo ni kopi zilizotumika. Kwa mwongozo nimeziwekea alama: ukiziona, nunua, usingoje mshahara ujao.

Septemba

Hali ya mradi: orodha kuu imefungwa. Zimeingia albamu na santuri fupi ambazo ninaweza kuzitetea kila moja kwa wimbo, na nimeondoa zile nilizokuwa nazibakiza kwa sababu ya majina ya wapigaji tu.

Nimeongeza pia ukurasa wa waliorudi, kwa sababu wasomaji watauliza. Desemba 2013 zile bendi nne za kiini zilipiga pamoja San Francisco na Los Angeles, na miaka michache baadaye zikatoa *3 × 4*, ambapo kila bendi inapiga nyimbo tatu za wenzake. Ni *Rainy Day* ya watu wazima. Dream Syndicate walirudi na *How Did I Find Myself Here?* mwaka 2017, na wimbo wa mwisho, "Kendra's Dream", anaimba Kendra Smith. Niliposikia sauti ile ikiingia baada ya miaka yote hiyo ilibidi nisimamishe nianze upya. Rain Parade nao walitoa *Last Rays of a Dying Sun* mwaka 2023, Piucci na Steven Roback wakiwa mbele, na ina haki ya kukaa rafu moja na zile za 1983 na 1984.

Kazi iliyobaki ni tawi la Tucson. Green on Red hawakutoka huko peke yao. Kuna Naked Prey ya Van Christian, ambayo santuri yao ya kwanza ilitoka Down There, na kuna Giant Sand ya Howe Gelb, *Valley of Rain* ya 1985, ambayo baadaye Chris Cacavas alikuja kupiga nayo. Nimefungua ukurasa mpya wa lahajedwali na nimemweka Cacavas katikati. Mwenye kopi ya Naked Prey ya mwanzo, hata ya kanda, naomba tuwasiliane. Nitaanza na hiyo.